Babu wa Mtu Hakatwi

Mwalimu wa Taipu hakupenda kelele. Alilisema hilo kwa sauti ya kuzishinda taipureta zake zote zikigonga kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu anapolisema. Kelele, kwa maelezo yake, ni ile inayotoka kwa jirani. Inayotoka kwako ni kazi.

Jirani mwenyewe alikuwa posho mill, kinu cha umeme cha kusagia mahindi. Ilisimama ng'ambo ya ua wa mabati, pale mtaa wa Kiwanjani, Isiolo, na ilipowashwa asubuhi madirisha ya shule yalitetemeka, unga ukapenya hadi kwenye nyundo za herufi, na wasichana waliokuwa wakichukua imla wakaacha nafasi tupu mahali palipomezwa na mngurumo. Nafasi hizo walizijaza baadaye kwa busara zao.

Mwalimu aliandika malalamiko kwa kaunsili ya mji. Aliyaandika kwa njia yake: kila darasa lililofikia somo la barua rasmi liliichapa upya barua hiyo hiyo, na nakala iliyotoka safi kuliko zote ndiyo iliyotiwa kwenye bahasha. Kwa hiyo kaunsili ilipokea lalamiko moja mwaka baada ya mwaka, likibadilika tu herufi za mwanzo za jina la mchapaji pale chini pembeni. Hawakujibu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, chini kabisa paliandikwa "Nakala kwa: Mwenye mashine", naye aliipeleka mwenyewe. Mwenye mashine, Mmeru mpole tuliyemwita Baba Kinyua, alifuta unga mikononi, akaisoma mpaka mwisho.

"Mwaka huu wamechapa vizuri, Mwalimu," alikuwa akisema. "Mwaka jana walikuwa wanaruka mistari."

Mwalimu alikubali sifa hiyo kwa kichwa, akarudi shuleni.

Nilimjua tangu miaka ya sabini, nikiwa bado shule ya msingi, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa upande wa pili wa shule yake. Sijui alizaliwa wapi, wala watu wake ni akina nani. Waborana walidhani ni wa Wameru, Wameru walidhani ameolewa akaachika huku kwa Wasomali, na Waturkana waliamini ametoka mbali sana, kwa jinsi alivyopenda chai isiyo na maziwa. Alizungumza lugha zote hizo kiasi cha kununulia nyama, si kiasi cha kualikwa harusini. Kibao mlangoni kilisema SHULE YA TAIPU. Vyeti alivitia sahihi isiyosomeka hata kidogo, yeye aliyemrudisha msichana nyumbani kwa herufi moja iliyofifia.

Nimeifikiria sana sahihi hiyo. Nilipokuwa chuo kikuu, badala ya kulala kabla ya mtihani, nilijiuliza kama alikuwa akificha jina au alikuwa tu na mwandiko mbaya. Sikupata jibu, na mtihani nilipita kwa shida.

Amri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni "Macho ukutani!" Wanafunzi walichapa wakitazama ukuta mtupu, mikono imefunikwa kitambaa, na akikukamata unachungulia vidole alivuta kiti chako nyuma taratibu mpaka mikono ikaiacha mashine yenyewe. Ya pili ni "Toa karatasi. Anza upya." Hakuwa na raba wala dawa nyeupe ya kufutia. Kosa likitokea kwenye neno la mwisho la ukurasa, ukurasa wote uliondoka. Alikataza chakula darasani, na droo yake ya chini ilijaa mandazi. Alikataza uvumi, na hakuna ndoa iliyovunjika Isiolo ambayo hakuijua kabla ya wenyewe.

Alikuwa pia adui wa televisheni. Inaharibu macho, alisema, na inawafundisha watoto kukaa. Yake ilikuwa kubwa, ya rangi, katika kabati lenye milango miwili ya mbao, na taarifa ya habari ilipoanza alifungua milango hiyo na kukaa akiipa mgongo, akifuma. "Nasikiliza tu," aliniambia. Lakini siku msomaji wa habari alipobadilisha tai, ni yeye aliyetuambia.

Televisheni hiyo ndiyo iliyonirudisha kwake. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza digrii ya hesabu na nimerudi nyumbani kusubiri kuitwa kazini. Kusubiri ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Asubuhi moja aliniita kwa juu ya mabati.

"Wewe Digrii! Njoo hapa. Unajua kompyuta?"

Nilikuwa nimeiona moja chuoni, kupitia kioo, nikiwa kwenye foleni ya kitu kingine. Nikaanza kutafuta jibu ambalo si uongo wala si aibu. Nilipolipata, alikuwa ameshafungua lango.

Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima alikuwa amerudi kwao na kumwachia kompyuta ndogo, kibodi nene tu yenye mkia wa waya. Skrini yake haikuwepo. Waya ule ulichomekwa nyuma ya televisheni, mahali pa antena, kisha picha ikatafutwa kwa kuzungusha kitufe cha stesheni, kama unavyotafuta redio.

Haikuwa mchezo. Huko Meru kilikuwa kimefunguliwa chuo cha biashara kilichotangaza kwamba kina kompyuta, na baadhi ya wazazi walikuwa wameanza kuwatoa binti zao kwa Mwalimu. Wenye ndugu Meru waliwapeleka huko. Wengine, ambao ndio walikuwa wengi, waliona kama taipu imepitwa na wakati basi mtoto akae nyumbani tu. Mwalimu alikuwa amewaita akina baba wote Jumamosi moja, waje waone kwamba kompyuta iko hapa hapa. Wakiridhika, shule ingeendelea. Wasiporidhika, angefunga mwisho wa muhula huo. Aliniambia hayo kwa maneno machache, akihesabu vishono vya sweta aliyokuwa akifuma.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila msichana angeketi, macho ukutani, achape jina lake kamili, nalo litokee kwenye kioo mbele ya baba yake. Herufi ziwe kubwa, hata mtu wa nyuma aone. Kwa herufi kubwa mstari mmoja ulitosha herufi ishirini, na jina refu kuliko yote darasani, Kabale Boru Galgallo, lilikuwa na ishirini kamili, ukihesabu na nafasi. Nililichukua hilo kama ishara njema. Laiti ningejua.

Kabale alichapa. Kwenye kioo ikatokea "abale Boru Galgal".

Mwalimu aligonga ukingo wa kioo kwa rula. "Huyu mzee amekatwa miguu. Mbona?"

Nilichukua siku kadhaa kuelewa. Televisheni huikuza picha ikapita kidogo ukubwa wa kioo, ili mtazamaji asione ncha zake. Kwa msomaji wa habari si neno; anapoteza bega. Maandishi yanapoteza herufi. Nilizungusha kila kitufe cha mbele. Nilipata skrubu ndogo nyuma iliyopunguza urefu wa picha, lakini ya upana ilikuwa ndani, nyuma ya kifuniko kilichochorwa radi. Nilikaa mbele ya mchoro huo wa radi mchana mzima nikifikiria mama yangu angesema nini kwenye mazishi.

Nikajaribu herufi ndogo, ambazo mstari wake hutosha jina na nafasi ikabaki. Zote ziliingia, ila zilivimba rangi pembeni, nyekundu huku, kijani kule. Nikapunguza rangi yote picha ikawa nyeusi na nyeupe, na kweli zikatulia kidogo.

"Sasa naona siafu waliolowa maji," Mwalimu alisema.

"Basi turudi kwa kubwa, lakini babu tumwandike kwa herufi moja. G na nukta."

"Nukta?"

"Ni kawaida, Mwalimu. Chuo kikuu tunaandika hivyo."

Aliweka sweta chini. "Digrii. Baba ya Kabale anakuja kutoka Korbesa juu ya lori ya mbuzi. Kusoma hajui. Lakini anajua kuhesabu mafungu: mtoto, baba, babu. Akiona mawili na nukta atauliza, hii nukta ni nani? Utamwambia hiyo nukta ndio baba yake?"

"Tunaweza kuandika mistari mitatu. Mtoto juu, halafu—"

"Msichana akae juu ya kichwa ya babu yake?"

"Basi babu juu."

"Halafu waseme mwanafunzi wangu ni mzee aliyekufa zamani?" Aliichukua sweta tena. "Babu wa mtu hakatwi. Toa karatasi. Anza upya."

Nilianza upya. Niliandika hesabu za upana wa kioo kwenye karatasi nyingi, nikashuku joto, nikashuku waya, nikashuku macho yangu. Na jambo la kunitia wazimu ni kwamba picha yenyewe haikukaa na msimamo. Kuna wakati nilipita nikakuta jina lote limeingia, ncha kwa ncha. Nikimwita Mwalimu, likawa limekatwa tena. Alianza kunitazama kama anavyotazama karatasi yenye kosa.

Kisha asubuhi moja, tukiwa wawili mbele ya kioo, posho mill ikawaka. Taa ya dari ilififia kama kawaida yake. Picha ikajikunja ndani pande zote mbili, polepole, kama mtu anayepisha mlangoni, na Galgallo akaingia mzima.

Mahindi yakaisha kule, mngurumo ukawa mwembamba, na mzee akatoka miguu.

"Umeme," nikasema. "Akisaga anavuta umeme wa mtaa wote, unashuka, na televisheni ikipata umeme mdogo inachora picha ndogo." Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona uso wake. Yeye alikuwa ameshafika mwisho wa wazo hilo. Alikuwa anatazama ua wa mabati.

Alikaa siku mbili bila kulitaja tena. Ya tatu alivaa viatu vya kutokea na kuniambia nimfuate, nisiseme kitu.

Baba Kinyua alituona akanyoosha mkono. "Mwalimu! Barua ya mwaka huu imekuja mapema. Weka hapo juu ya debe."

"Hakuna barua. Nataka Jumamosi usage."

"Jumamosi mimi hufunga mapema. Na si wewe unataka nifunge kabisa?"

"Jumamosi sitaki ufunge. Nataka usage toka wageni waingie mpaka watoke, bila kupumzika."

Baba Kinyua alinigeukia. "Kijana, huyu mama ni mgonjwa?"

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme kitu, kwa hiyo nikaeleza kila kitu. Alisikiliza akifuta mikono.

"Kwa hivyo ni mimi nashikilia hao mababu wasianguke."

"Kwa sasa," Mwalimu alisema.

"Sawa. Lakini uniandikie. Miaka hii yote unaniandikia nizime. Andika niwashe, na nakala kwa kaunsili."

Nilidhani tutarudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu alikwenda, akakaa mbele ya taipureta iliyokuwa nzuri kuliko zote, akatazama ukuta, akaichapa mwenyewe. Aliharibu karatasi mbili. Sikuwahi kumwona akiharibu hata moja. Nakala ya kaunsili aliituma kweli, maana alikuwa ameandika kwamba ataituma. Baba Kinyua aliigongomea yake ukutani, juu ya mashine, ikakusanya unga.

"Jambo moja," alisema. "Ikizunguka tupu haivuti umeme. Leteni mahindi."

Jumamosi tulipeleka gunia. Tulifuata utaratibu niliouandika na kuukariri: kwanza kinu, kisha televisheni, mwisho kompyuta, kwa sababu kinu kikiwaka baadaye mshtuko ungezima kila kitu. Akina baba walifika mmoja mmoja. Mzee Boru wa Korbesa aliingia na vumbi la lori mabegani, fimbo mkononi. Mwingine alitoka Kinna, ameshusha mfuko wa mahindi mlangoni, zawadi kwa Mwalimu kutoka shamba lake la maji ya mfereji. Walisalimiana salaam aleikum, wengine habari, wakakaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti juu.

Mwalimu alitoa hotuba. Kinu kilinguruma vizuri mno hata hakuna aliyesikia neno. Baadaye wote waliisifu.

Wasichana wakaanza. Jina baada ya jina lilisimama kwenye kioo, kubwa, jeupe, mafungu matatu. Kila baba alikohoa lilipokuja lake. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati, sikio kwa jirani, nikijiuliza kama gunia moja lilitosha na kwa nini sikupima. Kabale alikuwa wa mwisho. Alichapa bila kuangalia chini hata mara moja, na jina likajaa mstari, ncha kwa ncha.

Ndipo mngurumo ukawa mwembamba.

Picha ilitanuka. K ikatoka huku, kule mwisho wa babu ukazama kwenye ubao wa kabati. Mzee Boru alisimama.

"Baba yangu amekatwa," alisema. "Nani amemkata?"

Nilifungua mdomo nikaanza na historia ya umeme. Mwalimu alinivuta shati nyuma, taratibu, kama anavyovuta viti.

"Hakuna mtu amemkata, Mzee," alisema. "Hii TV ni kubwa kichwa. Jirani akisaga, inapunguza kichwa, baba yako anatosha. Mahindi imeisha kwa jirani. Ikiwekwa, atarudi."

Mabinti waliinamisha macho, kitu ambacho kilikuwa kimekatazwa. Niliona shule ikifungwa. Nilimwona Kabale juu ya lori ile ile ya mbuzi, akirudi Korbesa.

Mzee wa Kinna alijikuna ndevu. "Mwalimu, ule mfuko wangu uko mlangoni. Ni zawadi yako, lakini."

"Sasa ni ya Galgallo," Mwalimu alisema.

Wawili waliubeba. Tulisikia Baba Kinyua akipiga kelele ya kufurahi, kisha kinu kikashika mahindi, kikanguruma kwa tumbo. Taa ikafifia. Picha ikajikunja, na Galgallo akarudi, miguu yote miwili.

Mzee Boru alikaa chini taratibu.

"Hiyo ya Meru," akauliza, "yenyewe inakula nini?"

"Sijui, Mzee."

"Hawajasema?"

"Hawajasema."

"Basi wangu atabaki hapa. Hapa nimeona chenye kinamshika baba yangu." Akainua fimbo kunielekezea mimi, sijui kwa nini. "Umeme sina. Mahindi naweza kutafuta."

Wengine walicheka, na kwa kicheko hicho shule ilipona. Mji wote ulijua ndani ya wiki kwamba kompyuta ya Mwalimu wa Taipu hula mahindi, na akina mama waliokuwa wakisaga kwingine walianza kuleta madebe yao kwa Baba Kinyua saa za masomo, wakisema wanasaidia watoto. Mwalimu hakuwasahihisha. Alilalamika tu kwamba kelele imezidi.

Kaunsili nayo ilijibu. Muhula uliofuata, baada ya miaka yote ile, ilifika barua ikisema malalamiko ya Mwalimu yamezingatiwa na kinu kitahamishwa hadi kando ya soko la mifugo. Barua ya kuomba kinu kiwashwe haikutajwa. Nadhani walizisoma kwa mpangilio na ile walikuwa hawajaifikia. Mwalimu aliipitia mara kadhaa. Akapata kosa moja la chapa, akalizungushia wino mwekundu, akasema barua yenye kosa si barua. Baba Kinyua alihamishwa hivyo hivyo. Siku ya kuondoka alikuja kumuaga, akiwa amebandua ile barua ya ukutani. Alisema anakwenda nayo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeitwa kazini, mji mwingine. Nilisikia tu kwamba shule ipo.

Nilimwona mara ya mwisho karibu na mwisho wa miaka ya themanini, likizo moja, mchana, wasichana wakiwa wamekwenda kula. Nilikuwa na kadi za harusi yangu. Zote nilikuwa nimeandika majina isipokuwa moja, ambayo nilikuwa nimekaa nayo wiki nzima. Huwezi kuandika "Mwalimu wa Taipu" kwenye bahasha ya harusi, nilifikiri. Au unaweza? Mwishowe nilimpa ikiwa tupu, nikaanza kujieleza.

"Bahasha tupu ni uvivu," alisema.

Alikuwa amepungua mwili. Droo ya mandazi ilikuwa wazi. Kwenye kila taipureta palikuwa na karatasi iliyoanzwa, na niliona mwanzo wake: malalamiko kwa kaunsili. Pale kilipokuwa kinu sasa palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, akitengeneza milango na vitanda, na mlio wake ulikuwa wa kukwaruza meno.

"Huyu naye umeshamshtaki?"

"Darasa la pili wanaichapa. Bado ina makosa."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana." Alifunga droo. "Nakataa barua chafu iende kwa kaunsili. Wanatoa karatasi, wanaanza upya."

Alifungua milango ya kabati, akawasha televisheni, kisha kompyuta. Akakaa, akatazama ukuta, akachapa mafungu matatu. Mawili yalitokea. La tatu lilikatwa katikati.

"Andika," aliniambia.

"Mwalimu, la tatu halisomeki."

"Ngoja achomelee."

Tulingoja. Ng'ambo ya ua fundi alitupa chuma, akamtukana mtu kwa upole, akatafuta kitu. Kisha ule mkwaruzo ukaanza, taa ya dari ikafifia, picha ikajikunja kwa ndani, na babu yake akaingia. Alikaa kidogo, akatoka. Mkwaruzo ukarudi, naye akarudi.

Jina hilo hakuniruhusu kulitumia mahali pengine, kwa hiyo hapa siliandiki. Kwenye bahasha nililiandika lote, polepole, nikimngoja babu kila alipotoka, kwa herufi zinazosomeka.